Mama wa Mayai Kwenye Foleni

Wivu mkubwa niliowahi kuusikia maishani mwangu haukuwa wa mume wala wa nguo. Ulikuwa wa meza. Meza yenyewe iko Malaba, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya rafiki yangu, chini ya dirisha linalotazama malori yakingoja kuvuka kwenda Uganda, na juu yake kulikuwa na kazi moja tu. Kurasa za kitabu kimoja cha katuni, chupa ya wino, kalamu, kikombe cha chai. Siku niliyoiona mara ya kwanza niliizunguka nikitafuta kosa. Nikamwambia, "Meza yako ni safi sana," naye akanishukuru. Hakujua kwamba nilikuwa namtukana.

Meza yangu mimi iko Burumba, mjini Busia, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya duka la mitumba, na wakati huo ilikuwa imebeba kazi nne na nusu. Shirika moja la afya lilitaka kijitabu cha katuni cha kufundisha watu kunawa mikono. Mchapishaji wa Nairobi alikuwa akisubiri picha za kitabu cha darasa la pili, ambazo nusu yake zilikuwa za kuku. Kila wiki nilitoa kwa simu katuni ya utingo mmoja mwongo, na nikichelewa wasomaji walinitukana mimi na nyanya yangu. Halafu kulikuwa na kibao cha tangazo cha muuza chapati za mayai, Mganda mpole aliyenipigia kila asubuhi kuuliza, "Nnyabo, mama, chapati yangu imeiva?" Chini ya hayo yote, ndani ya kasha la viatu, kilikaa kitabu changu mwenyewe. Hicho ndicho nilichokiita nusu.

Kitabu changu kilimhusu mama anayevusha mayai. Alibeba trei kichwani kutoka upande wa pili wa mpaka, akipita njia za panya, na hakuwa shujaa hata kidogo. Alikuwa mgomvi, mmbea, mwenye shingo fupi, na ndala yake moja ilikuwa imefungwa kwa waya kwa sababu kamba ilikatika siku aliyokimbizwa na askari. Nilimpenda kuliko watu wengine ninaowajua. Nilijua anavyokohoa. Lakini hakuwa na bosi wa kunipigia simu kumuulizia, kwa hiyo kila alipotoa kichwa kwenye kasha, nilimwambia angoje kidogo nimalize hii.

Mama yangu, ambaye analima Nambale na hajawahi kusoma katuni, huniambia mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika nne na hakuna iliyoniponyoka ila ile yangu.

Rafiki yangu hakuwa na shida kama hizo. Mumewe ni wakala wa forodha, kodi ya nyumba inalipwa kabla mwezi haujaisha, na mke anaachwa achore. Lile shirika la kunawa mikono lilimpigia yeye kwanza. Akawaambia hana nafasi. Hana nafasi! Mtu mwenye kazi moja! Wakanipigia mimi, nikasema ninayo nafasi tele, huku nikisukuma karatasi kwa kiwiko nipate pa kuweka simu. Nililamba sahani aliyoikataa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye hata hakukumbuka kuwa aliikataa.

Tena tulianza sawa. Likizo za sekondari tulizitumia pamoja kwa mzee mmoja aliyekuwa akichora malori pale Malaba: simba milangoni, macho mawili mbele, shukrani kwa Mungu nyuma. Alikuwa mkali, mchoyo wa brashi, na alitufundisha huku akilalamika. Kazi ile ilikuwa na kanuni yake. Mchoraji anaweza kuanza simba foleni ikiwa imesimama, halafu foleni ikasogea na lori likaondoka na simba asiye na mkia. Hapo mchoraji aliye mbele, karibu na geti, ndiye humalizia. Na anayemalizia huficha mkono wake. Anafuata mistari ya aliyeanza, mwenye lori asije akaona watu wawili ndani ya simba mmoja, na hatii sahihi. Siku moja nilimwekea simba wa mwenzangu mkia wa madoido, wa mtindo wangu. Mzee aliufuta wote kwa kitambaa chenye petroli bila kunitazama, akaniambia, "Ukitaka mkia wako, tafuta simba yako."

Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. Yule simba alikuwa wake.

Kitabu alichokuwa akikichora kilikuwa cha foleni ile ile. Mke wa dereva amekuja kumtafuta mumewe, anapita lori baada ya lori kutoka getini kurudi nyuma, na kila dereva anampa habari tofauti. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Aliponisimulia niliitikia kwa kichwa na kusema ni nzuri, lakini moyoni nilitaka kumnyang'anya. Wazo lile lilikuwa limelala njiani tulipopita sote wawili miaka hiyo yote, na ni yeye aliyeinama akaliokota. Mimi nilikuwa nimeinua macho natafuta kazi.

Basi asubuhi moja ya msimu wa mvua alikuja Burumba kwa bodaboda, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, bahasha kubwa imebanwa kwapani.

"Yawa, mkono umefanya nini?" nikashangaa.

"Mafuta ya mandazi. Usicheke."

"Sicheki."

Kweli sikucheka. Lakini kuna kitu ndani yangu kilikaa vizuri, kama mtu aliyekuwa amesimama muda mrefu akapata kiti. Mungu anisamehe, lakini hivyo ndivyo nilivyosikia, na sikusikia huruma mpaka baadaye kidogo.

Aliniambia kiwanda cha kuchapa upande wa Uganda kilikuwa kimempa nafasi, na nafasi ile ikipita atangoja mpaka vitabu vyote vya shule viishe. Kurasa za mwisho alikuwa ameshazichora kwa penseli. Zilitaka wino tu.

"Na mimi niko na kazi nne," nikamwambia.

"Najua. Lakini sina mtu mwingine. Hawa vijana wengine, ukiwapa ukurasa wako wanakurudishia wa kwao. Wewe unajua kuficha mkono."

"Kwa hiyo mimi ndio sina mkono."

"Sijasema hivyo, dada. Unaanza sasa."

Alitafuta mahali pa kuweka bahasha, hapakuwapo. Akainua kijitabu cha mikono, akainua kuku, akalifikia kasha la viatu, na kifuniko kikaanguka. Mama wa mayai akatutazama kutoka ndani.

"Huyu bado ako?" akauliza. Sauti yake haikuwa na ubaya, na ndiyo maana iliniudhi.

"Yuko kwenye foleni."

"Foleni ya nani?"

Simu ikalia. Ilikuwa lile shirika la afya, walitaka sabuni ionekane kubwa zaidi kwenye kila ukurasa. Nikawaambia itaonekana. Nilipokata simu rafiki yangu alikuwa ameshapanda bodaboda yake, na bahasha ilikuwa juu ya kasha.

Niliifungua nikiomba kurasa ziwe mbaya. Niliomba kabisa, kwa midomo. Hazikuwa mbaya. Kulikuwa na mvua juu ya maturubai ambayo unaisikia. Kulikuwa na ukurasa mzima wa mgongo wa yule mke, mgongo tu, na kwa jinsi mabega yalivyokaa ulijua kwamba ameshaambiwa na hataki kuamini. Nilikaa nao mbele yangu chai yangu ikapoa. Mimi sijawahi kuchora mgongo wa namna ile. Nimechora mikono mingi, tena yenye povu.

Mtu asiyefanya kazi hii hajui jinsi ilivyo rahisi kuharibu. Si lazima uchane kitu. Mstari mmoja mnene kidogo chini ya jicho, na mwanamke mwenye majonzi anakuwa mwanamke mwenye usingizi. Hakuna mtu angenikamata. Rafiki yangu mwenyewe angedhani ni penseli yake ilikuwa dhaifu. Nilichovya kalamu na wazo hilo nikiwa nalo, silikatai, na nikaiteremsha kwenye karatasi, na mkono ukafuata mstari wake taratibu kama ulivyofundishwa: mwembamba mwanzoni, mnene mwishoni, usiopapatika. Yule mzee alikuwa ameniharibu kabisa. Siwezi kufanya kazi mbaya kwa makusudi hata ninapotaka.

Siku zile nilizungusha kazi kama mpishi wa hotelini. Asubuhi sabuni, mchana kuku, jioni utingo, na kurasa zake katikati kila nilipopata mwanga mzuri mlangoni. Vitu vikaanza kuchanganyika. Utingo wangu alionekana siku moja ameshika ndoo ya kunawia, na wasomaji wakaniuliza ameokoka lini. Mchapishaji wa Nairobi alipiga simu kuuliza kwa upole kwa nini kuku wa darasa la pili anamfokea dereva. Yule Mganda naye nilimwambia chapati imeiva, kumbe bado ilikuwa unga. Kitu pekee ambacho hakikuwa na kosa ni kurasa za rafiki yangu, na hilo nalo lilinitia hasira. Nilikuwa nampa yeye mkono wangu mzuri, na wanaonilipa nawapa makombo.

Ukurasa mkubwa niliuacha mwisho. Geti limefunguka, foleni yote inasogea kwa mara ya kwanza, watu wanakimbilia malori yao, na yule mke amesimama katikati bila kujua aende mbele au arudi nyuma. Nyuso tele. Umeme ulikuwa umekatika, nikasogeza ubao wangu wa kuchorea mpaka kizingitini na kuanza kutia wino uso mmoja mmoja. Kati ya malori mawili rafiki yangu alikuwa ameacha nafasi nyeupe. Sikujua ni ya nini. Nikaipita, nikaendelea.

Nilipoinua kichwa kunyoosha shingo na kuutazama ukurasa wote, ile nafasi ilikuwa na mtu. Trei ya mayai kichwani, shingo fupi, ndala imefungwa waya, mdomo wazi, anamgombeza dereva aliyemzibia njia. Wino ulikuwa umeshakauka. Sikuwa nimemchora kwa penseli kwanza. Wala sikukumbuka kumchora. Mkono ulikuwa umechora watu wa wengine tangu asubuhi, na ulipofika penye nafasi ukamweka wa kwake.

Nilichukua rangi nyeupe nimfute. Nikafungua kifuniko. Halafu nikamtazama vizuri, na hapo wivu ukanijia kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuujua. Alikuwa hai. Kwenye kasha la viatu nilikuwa na kurasa zake nyingi, na zote zilikuwa nzito, zimebebeshwa dhamira na huzuni na hofu yangu kwamba pengine sijui kuandika. Hapa, ndani ya kitabu cha mwingine, nilipokuwa nimejificha na siogopi chochote, alikuwa ametoka na ugomvi wake wote. Nilimwonea rafiki yangu wivu kwa mtu wangu mwenyewe. Alikuwa na meza, alikuwa na mume, alikuwa na ule mgongo, na sasa hata mama wa mayai ameamua kuhamia kwake.

Nikarudisha kifuniko. "Nenda basi," nikamwambia. "Wewe angalau uvuke."

Nilipompelekea kurasa Malaba nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maelezo ya uchovu, na nilikuwa na hasira pembeni kama maelezo hayatatosha. Alizipanga juu ya ile meza yake safi, akazipitia moja moja kwa mkono wa kushoto. Kwenye ukurasa mkubwa akasimama. Akaweka kidole kando ya trei ya mayai, hakuigusa. Nje lori liliwasha injini likazima tena.

"Utakunywa chai ama uji?" akaniuliza.

Nikasema chai. Tukanywa. Tukaongea kuhusu mvua na kuhusu mamake huko Angurai. Mama wa mayai hakumtaja, na mimi nikarudi Burumba nikimlaani, kwa sababu angenifokea ningejua tumesimama wapi.

Sherehe ya kitabu ilikuwa Jumamosi mchana, katika hoteli moja ya ghorofa pale Malaba, kwenye ukumbi wa juu ambao kwa kawaida ni wa harusi. Walikuja madereva na wake zao, walimu, akina mama wa soko, na ukoo wake mzima kutoka Angurai wakiwa wamevaa sare. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe na kitu kimoja juu yake: vitabu vyake. Nilikaa nyuma kabisa karibu na sahani ya sambusa. Kila walipopiga makofi nilitia sambusa mdomoni, na walipiga makofi sana.

Alishukuru Mungu, mume, mama, madereva. Mimi hakunitaja. Ndivyo kanuni ilivyo, anayemalizia hatajwi, na mimi mwenyewe ningemcheka kama angenitaja. Pamoja na hayo nilichukua sambusa mbili kwa mpigo. Nilikuwa nataka atunze kanuni na nilikuwa nataka aivunje, vyote mara moja.

Walipofungua maswali, mama mmoja anayeuza vitenge alisimama, kitabu mkononi, kidole kikiwa kimeshika ukurasa.

"Mimi nimekisoma hapa hapa mkiongea. Huyu bibi ya dereva nimemwelewa, pole yake. Lakini nauliza huyu mama ya mayai. Huyu wa ndala ya waya. Anatoka wapi na anaenda wapi? Nimemtafuta mpaka mwisho sijamwona tena."

"Hata mimi nimemtafuta!" mwingine akaitikia.

"Mimi huyo namjua," dereva mmoja akasema. "Huyo alinitukana juzi."

Ukumbi ukacheka. Rafiki yangu alikipokea kile kitabu, akautazama ukurasa kwa muda, kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza.

"Huyo si wangu, mama," akasema. "Huyo ana mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Ako hapa. Lakini ako na kazi mingi."

Walicheka tena, wakaanza kugeuzageuza vichwa. Yeye hakunitazama. Alisogea tu kwenye benchi aliloketi nyuma ya meza mpaka mwisho, akabaki ameshika ukingo wa meza kwa ule mkono wenye kovu, na kando yake pakabaki nafasi.

Ningeweza kushuka ngazi nikaenda zangu. Nilikuwa karibu na mlango, na nilikuwa na sababu, kwa maana ile chapati ya Mganda ilikuwa bado haijapakwa rangi ya mwisho. Lakini nilimwona yule muuza vitenge amesimama bado, anangoja, hana haraka ya kukaa. Nikafuta mafuta ya sambusa kwenye sketi na kwenda mbele. Nilipokaa kwenye ile meza, jambo la kwanza nililoliona ni jinsi ilivyokuwa na nafasi ya kuweka mikono. Nikamchukia rafiki yangu upya.

Muuza vitenge alikuja akachukua kitabu chake, akaniwekea wazi. "Andika hapa. Kando ya mayai."

Nikaandika jina langu, dogo, chini ya ndala. Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kuingia kwenye kitabu cha katuni ambacho hakikuwa cha sabuni.

"Sasa kitabu yake iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Imeisha?"

"Bado. Iko kwa kasha."

"Kasha ya nini?"

"Ya viatu."

Rafiki yangu alicheka ndani ya kikombe cha chai alichokuwa ameletewa, na nilitamani kumpindulia. Muuza vitenge hakucheka. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyemwambia kwamba mzigo uko njiani.

"Na imekaa siku mingi hapo?"

"Kidogo," nikasema.

Alikifunga kitabu, akakitia kwenye mkoba wake katikati ya vitenge, akafunga zipu.

"Dada," akaniambia, "hiyo ni mayai. Mayai haiwekwangi hivyo."